Punda Bila Njuga

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sawa. Hapo zamani za kale palikuwa na Punda. Kazi yake kubeba wenzake. Asiyeweza kutembea, Punda humbeba. Na kila mbebaji alivishwa njuga shingoni. Chwa! Chwa! Chwa! Wadogo wakizisikia, wanapisha njia.

Siku moja Punda akanywa pombe ya mabibo. Akanywa, akanywa, akalewa chakari. Akabeba watoto wa Swala. Akayumba huku, akayumba kule, puu! Mtaroni. Watoto walipona, lakini walilia, jamani, walilia!

Tembo, hakimu wa wanyama, akamvua njuga. "Usibebe mtu mpaka mvua za vuli. Ukibeba kabla, utafungwa zizini, na muda utaongezwa. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Na mke wa Punda alikuwa na mimba. Akamwambia, "Mume wangu, nakuomba. Mtoto akizaliwa nataka uwepo. Usinifanyie mchezo."

"Nitakuwepo, mke wangu." Na pombe akaiacha. Tumpe haki yake, aliiacha kweli!

Asubuhi moja akapita Bibi Kanga, mguu umemvimba, anachechemea. "Nichukue, mwanangu. Mjukuu wangu anaolewa leo."

"Nimekatazwa, bibi."

"Umekunywa?"

"Hata tone!"

"Sasa ubaya uko wapi? Ni hapo tu, ukipita kona."

Punda akamwonea huruma bibi wa watu. Akambeba. Tii, tii, tii, kwato kwenye mchanga. Njuga hakuna. Kwenye kona Kobe alikuwa anakula majani katikati ya njia, hana habari. Atapishaje, naye hakusikia kitu? Ka! Gamba likapasuka.

"Uwii, nakufa!" Kobe akalia.

Punda angeweza kukimbia. Hakukimbia. Alipiga magoti, akalia naye. Kisha akaenda mwenyewe kwa Tembo.

"Sikulewa, mzee."

"Najua hukulewa. Lakini nilikukataza?"

"Ulinikataza."

Tembo alimpenda Punda. Machozi yalimlengalenga, ila hukumu akaitoa. Punda akae zizini mpaka Kobe apone, na asibebe mtu mpaka vuli ya mwaka unaofuata. Bibi Kanga naye akakemewa vikali, maana alijua na akapanda.

Mtoto akazaliwa Punda akiwa ndani. Alimsikia mkewe akiugua kwa uchungu kule nyumbani, na hakuweza kutoka. Aliumia, Punda wa watu.

Kesho yake mkewe akaja, anamsukuma mtoto taratibu kwa pua, miguu ya mtoto inatetemeka. Hakumgombeza mumewe. Punda akapenyeza mdomo katikati ya miti ya zizi. Akamlamba mtoto paji la uso. Akamlamba sikio. Zaidi ya hapo hakufika.

"Baba, toka tucheze."

"Bado, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Nilikatazwa kitu, nikakifanya."

Mtoto hakuelewa. Akajilaza pale pale nje, mgongo kwenye miti. Punda naye akajilaza upande wa ndani.

Haya wanangu, na ninyi wazazi mnaojifanya hamsikii: aliyenyang'anywa ruhusa ya kubeba wenzake kwa sababu ya ulevi, asibebe mpaka arudishiwe, hata kama hajaonja tone. Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kutaka kulia, alie tu.