Bi Pimbi na Mgeni wa Chunguni

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa jikoni nanyi itikieni. Paukwa!

Pakaaawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kupakua, aliishi Bi Pimbi. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja, Tunu. Nyumba yao ilikuwa ufa mwembamba katikati ya jabali. Mbele jiwe, nyuma jiwe, juu jiwe. Ua hawana. Shimo la taka hawana. Udongo hata wa kujaza kiganja hawana.

Bi Pimbi akimenya ndizi, maganda mlangoni. Pu! Akimenya mihogo, maganda mlangoni. Pu! Akimenya viazi, mlangoni. Pu! Jua likawaka, maganda yakaoza, yakanuka fee! Nzi wakaja, zzzz, zzzz.

Kisha akaja Fisi.

Alikuja asubuhi, Tunu anacheza nje. Harufu ilikuwa imemwita tangu bondeni. Fu, fu, fu, akanusa. Akamwona Tunu. Akaruka! Bi Pimbi akamvuta mtoto ndani. Meno ya Fisi yakauma jiwe, ka! Tunu akapona, ila manyoya yake ya mgongoni yalibaki kinywani mwa Fisi.

Jirani yao, Bi Mbuzimawe, akaja mbio.

"Shoga, taka zako zinamleta Fisi. Nami nina watoto. Ondoa harufu hii, la sivyo uhame."

"Nihamie wapi, jirani?"

"Sijui. Lakini leo imekuwa Tunu. Kesho je?"

Bi Pimbi akalia. Akambeba Tunu mgongoni, akabeba na maganda, akashuka kuyatupa mbali. Njiani, juu ya jiwe la moto, akamwona Nyungunyungu. Mvua ilikuwa imemtoa ardhini, jua likamkuta njiani. Amekauka kau. Anajikunja, anajikunjua.

"Mama, nakufa. Niweke penye unyevu."

Bi Pimbi alikuwa na yake ya kumliza. Lakini aliinama, akamfunika kwa ganda la ndizi, akarudi naye nyumbani. Alikuwa na chungu kibovu, kimetoboka chini. Akamlaza humo.

Nyungunyungu akapumua. Akaonja ganda. "Tamu! Yapo mengine?"

"Yapo? Yapo mpaka nataka kufukuzwa!"

"Basi niletee. Tandika majani makavu kwanza. Weka maganda, uyakatekate. Kisha majani makavu tena. Nyama usitie, mafuta usitie. Funika."

Bi Pimbi akafanya vivyo hivyo, maganda yote ya mlangoni yakaingia chunguni. Akafurahi mno, akamwagia na uji uliobaki, sufuria nzima. Kulipokucha chungu kinanuka fee!

"Mama! Nazama!"

"Maskini, nimekuua!"

"Bado. Majani makavu, upesi! Geuza taratibu, hewa ipite."

Akatia majani, akageuza. Maji yakachuruzika kwenye tundu, cho, cho, cho. Harufu ikakatika.

Fisi akarudi. Fu, fu, fu. Akanusa kulia, akanusa kushoto. Hakuna ila harufu ya msitu ulionyeshewa. Ndani, Bi Pimbi amemkumbatia Tunu, kimya ji.

"Hawa wamehama," akasema Fisi. Akaenda zake.

Miezi ikapita. Bi Pimbi akafunua chungu. Udongo! Mweusi ti, laini, na ndani yake Nyungunyungu na wanawe tele. Akautia kwenye vyungu vingine vibovu, akapanda mchicha. Mchicha ukaota juu ya jiwe tupu.

Siku ya kuchuma, Bi Pimbi alipiga magoti mbele ya chungu.

"Nyungunyungu, mwanangu anacheza salama, na leo anakula mboga ya mlangoni kwake. Nikushukuru vipi? Ahsante."

"Ahsante wewe, mama. Kwa maganda."

"Takataka zile?"

"Kwako takataka. Kwangu pilau."

Bi Pimbi akacheka, huku anafuta machozi.

Jioni akaja Bi Mbuzimawe na kibuyu kilichopasuka. Alisimama mbali kidogo.

"Shoga, siku ile nilikuambia maneno makali."

"Ulikuwa na hofu ya mama. Nami nakushukuru. Usingesema, Fisi angekuwa bado anakuja."

Akampa fungu la mchicha. Akachota udongo kwa viganja viwili, na wana wa Nyungunyungu ndani yake, akautia kibuyuni.

"Shuka taratibu, shoga," akamwambia. "Usimwangushe mtu."

Basi wenzangu, wakubwa na wadogo, ganda la ndizi halijamaliza kazi yake ndizi ikishaliwa. Hata mwenye chumba kimoja hakosi pa kuweka chungu. Na anayekufaa mshukuru, hata akiwa mdogo na makao yake gizani.

Hadithi yangu imekomea hapo. Ahsanteni kwa masikio yenu.