Pimbi, Kiboko na Mkuyu wa Matone

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mti!
Umejaa asali!
Asali ya nani?
Ya anayegonga kidogo!
Basi vuteni mikeka, funikeni vyungu, wanaosinzia watikiswe. Tunaanza.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanapenda kusoma, kulikuwa na chuo cha ufundi chini ya majabali, kando ya mto. Pale wanyama walijifunza kujenga madaraja, kuchimba visima, na kutega mitego ya kuwanasa wawindaji. Masomo yote yalikuwa na utamu wake, isipokuwa moja. Hilo moja liliitwa Mifumo Minyoofu na Ishara. Mwalimu wake alikuwa Korongo, aliyefundisha akiwa amesimama kwa mguu mmoja tangu asubuhi mpaka kengele ya mchana.

Mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi. Alikaa mbele kabisa ili aone, na bado hakuona kitu.

"Kinachoingia kinaingia," alisema Mwalimu Korongo. "Kinachotoka kinatoka. Hapo katikati ndipo penye mfumo. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu!" darasa likaitika.

Pimbi hakuelewa. Lakini aliandika.

"Mfumo ukiwa mnyoofu, ukiuingizia mara mbili, unatoa mara mbili. Ukiuingizia hiki pamoja na kile, unatoa jibu la hiki ukijumlisha na jibu la kile. Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Mwalimu!"

Pimbi hakuelewa. Lakini aliandika.

"Na mkitaka kujua utatoa nini kabla haujatoa, fanyeni hivi: geuza, sogeza, zidisha, jumlisha!"

"Geuza, sogeza, zidisha, jumlisha!" darasa zima likaimba huku likipiga kwato chini, pu, pu, pu, pu.

Pimbi naye akaimba. Akajigeuza, akasogea, akamgonga jirani yake Nungunungu, akachomwa na miiba miwili.

"Dada Nungu," akanong'ona huku akiing'oa, "kinachogeuzwa ni nini?"

"Hata sijui, mwenzangu," akajibu Nungunungu. "Mimi naimba tu."

Basi siku zikaenda. Mwisho wa muhula Mwalimu Korongo akatoa amri. Nyuma ya chuo kulikuwa na mkuyu mzee wenye uwazi tumboni, na ndani yake nyuki. Ukiugonga kidogo, ko!, unavuta pumzi moja, halafu asali inaanza kudondoka kutoka tundu la chini. Mkuyu huo ndio uliokuwa maabara ya chuo.

"Kila mmoja auchunguze mti," alisema Mwalimu. "Ajaze jedwali. Ijumaa nitamwuliza: nikigonga hivi, utatoa matone mangapi? Asiyejua, jina lake linafutwa, anarudi kwao."

Pimbi aliposikia "anarudi kwao," alimkumbuka dada yake, ambaye alikuwa amesoma chuo hichohicho. Alikosa jedwali moja tu, akaambiwa apumzike nyumbani kidogo, ataitwa. Mpaka leo anapumzika, jembe mkononi.

Basi Pimbi akachukua daftari lake la jani la mgomba, akakimbia mpaka mkuyuni. Akamkuta nani? Akamkuta Kiboko.

Kiboko naye alikuwa mwanafunzi, ila darasani alikuwa akilala. Alikuwa amejilaza chini ya mkuyu, mdomo wazi chini ya tundu, huku akigonga shina kwa mkia. Ko! To, to, to, to, to, to, to. Ko! To, to, to, to, to, to, to. Wanafunzi wengine walikuwa wamesimama mbali, madaftari matupu mikononi. Ngiri alikuwa amejaribu kusogea akatupwa kwenye matope. Mwalimu Korongo alipoletewa mashtaka alisema, "Mtaelewana wenyewe," kwa sababu mguu wake wa kusimamia ulikuwa mmoja, na aliupenda.

"Shikamoo, kaka Kiboko," alisema Pimbi.

"Marahaba. Nenda zako."

"Kaka, naomba nigonge. Mara moja tu. Nikikosa jedwali nafukuzwa."

Kiboko akafungua jicho moja. Akautazama mkono wa Pimbi, akacheka mpaka mto ukatikisika. "Mkono huo? Gonga. Hata nyuki hatajua kama umekuja."

Pimbi akagonga. Ko! Akavuta pumzi moja. To, to, to, to: matone manne. Pumzi ya pili, to, to: mawili. Pumzi ya tatu, to: moja. Pumzi ya nne, kimya. Yote yakaishia kwenye ulimi wa Kiboko.

"Haya, umeshagonga. Potea."

Pimbi akaondoka na namba tatu: nne, mbili, moja. Jedwali lilitaka mistari ishirini. Kugonga mara mbili mfululizo, kugonga mara tatu, kugonga kwa nguvu maradufu. Alikuwa na mstari mmoja. Akaenda kwa Mwalimu Korongo, machozi yanamlengalenga.

"Mwalimu, mimi nimepata pigo moja tu."

"Anayejua jibu la pigo moja anajua yote," alisema Mwalimu Korongo, akibadilisha mguu. "Geuza, sogeza, zidisha, jumlisha. Na uandike mstari huu chini kabisa ya ukurasa, watu huwa wanausahau: Unyoofu huu ni wa kugonga kidogo tu. Nguvu ikizidi, mfumo hupinda, na mwalimu hahusiki."

Pimbi hakuelewa. Lakini aliandika.

Alhamisi mchana alikaa juu ya jabali lake, mbele yake kokoto. Akapanga nne, mbili, moja. Akazitazama. Nazo zikamtazama. Akaimba, "Geuza," akageuka. Hapana. Akaimba, "Sogeza," akasogea, karibu aanguke jabalini. Hapana. Akakaa tena. Kichwa kilikuwa kama chungu cha uji kilichosahaulika jikoni.

"Tuseme nimegonga," akajiambia. "Nne, mbili, moja. Pumzi moja ikapita, nikagonga tena. Hilo pigo la pili si litaleta nne zake, na mbili zake, na moja yake? Ila limechelewa pumzi moja."

Akapanga safu ya pili chini ya ya kwanza, akaisogeza hatua moja. Halafu akajumlisha kwenda chini. Nne. Mbili na nne, sita. Moja na mbili, tatu. Halafu moja.

"Ala! Kumbe kinachosogezwa ni kokoto. Si mimi."

Akapanga safu ya tatu, ya nne, ya tano. Nne, sita, saba, saba, saba. Akashangaa. Ukigonga kila pumzi, hata ugonge mwaka mzima, hupati zaidi ya saba! Ageuze nini, bado hakujua. Lakini jedwali lilijaa mpaka chini, kwenye ule mstari wa Mwalimu.

Ijumaa asubuhi Pimbi akawahi mkuyuni, amelikumbatia daftari. Kiboko alikuwepo. Ko! To, to, to, to, to, to, to. Lakini leo alikuwa amenuna.

"Saba!" alinguruma. "Jana saba, juzi saba, leo saba! Mti huu una ubahili gani?"

"Ni nne na mbili na moja, kaka," alisema Pimbi kabla hajajizuia. "Unagonga kila pumzi kwa mkia, kidogo kama mimi, basi ni saba daima."

Kiboko akanyanyua kichwa. "Nani kakuambia?"

"Kokoto."

"Lete hilo daftari. Au usilete, mimi sisomi asubuhi. Nisomee."

Pimbi akalishika jani kwa mikono miwili, akasoma. "Nguvu ya pimbi mmoja, matone manne. Nguvu ya pimbi wawili, matone manane. Nguvu ya pimbi kumi, matone arobaini."

"Achana na hao pimbi. Kiboko mzima je?"

Pimbi akachanganyikiwa. Hilo halikuwa kwenye jedwali. "Sijui, kaka. Kwani kiboko mmoja ni pimbi wangapi?"

"Wewe unanionaje?"

"Nakuona... mia tano."

"Mia tano! Umelisahau tumbo?"

"Basi elfu moja."

"Hapo umenena."

Pimbi akahesabu kwa vidole. "Pumzi ya kwanza matone elfu nne. Ya pili elfu mbili. Ya tatu elfu moja."

Mate yakaanza kumtiririka Kiboko. "Na hayo ndiyo aliyoyasema Mwalimu?"

"Ukiingiza mara mbili, unatoa mara mbili. Darasa zima liliitika, kaka."

"Umenisomea yote?"

Pimbi akatazama daftari. Kidole chake gumba kilikuwa kimekaa chini kabisa ya ukurasa, juu ya mstari wa mwisho. Kilifikaje pale? Mpaka leo ukimwuliza Pimbi, atakuambia hakumbuki.

"Nimesoma yote yanayoonekana," akasema.

Kiboko akarudi nyuma hatua ishirini. Darasa lilikuwa linawasili, Mwalimu Korongo mbele, likasimama palepale. Kiboko akainamisha kichwa. Gudu! Gudu! Gudu! Gudu! BUUUM!

Mkuyu ukayumba. Gome likapasuka, krrrr. Kisha kimya. Kiboko akaruka chini ya tundu, akakaa, akapanua kinywa kama mlango wa ghala.

"Mbona kimya?"

"Jibu huchelewa pumzi moja, kaka," alisema Pimbi kutoka juu ya jabali. Hata yeye hakujua amepanda saa ngapi. "Usifunge mdomo."

Kiboko hakufunga mdomo.

Nzzz. Nzzzzz. Nzzzzzzzzzz!

Wakatoka nyuki wote kwa mkupuo. Walipita ulimini, wakapita puani, wakapita masikioni. "Mama wee! Pimbi wee! Hawa si matone!" Kiboko akaondoka mbio. Akamruka Nungunungu, akapitia katikati ya darasa, akajitosa mtoni, chubwi! Akabaki chini. Akitaka kupumua anatoa pua tu, akisikia nzzz anazama. Ndiyo maana mpaka leo anashinda majini.

Mwalimu Korongo akasogea mkuyuni taratibu, akakohoa. "Sasa maabara iko wazi. Pimbi, anza wewe. Nikigonga mara tatu mfululizo, kila pumzi mara moja, nitapata nini?"

Pimbi akafungua daftari. "Nne, sita, saba, tatu, moja."

Mwalimu akagonga mara moja kwa mdomo kujaribu. Ko! Pumzi moja. To, to, to, to, to.

Matano! Darasa likaguna. Kisha to. Moja. Kisha kimya.

Pimbi akalitazama daftari, akautazama mti, akaliona lile gome lililopasuka. Jedwali lote lilikuwa la mti wa jana. Akamwona akilini dada yake na jembe.

"Nifute jina?" Mwalimu aliuliza kwa upole, na hapo ndipo alipotisha zaidi.

"Subiri, Mwalimu!" Pimbi akalitupa daftari chini. Akaokota kokoto. Tano, moja. Akapanga safu ya pili, akaisogeza. Safu ya tatu, akaisogeza. Akajumlisha kwenda chini. "Tano. Moja na tano, sita. Tena sita. Halafu moja. Tano, sita, sita, moja!"

Mwalimu akagonga. Ko! Ko! Ko!

Darasa zima likahesabu kwa sauti. Tano! Sita! Sita! Moja! Kimya.

"Jina linabaki," alisema Mwalimu Korongo. Akaweka chini mguu wa pili, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. "Umeelewa?"

"Sijaelewa, Mwalimu," alisema Pimbi. "Kinachogeuzwa ni nini?"

Mwalimu akaukunja tena mguu wa pili. "Hilo," akasema, "ni la muhula ujao."

Wanyama wakala asali mpaka wakachoka, maana walinzi wake wote walikuwa mtoni wakimsubiri Kiboko atoe pua.

Nami mti wangu nimeugonga, matone yamekwisha. Mwenye kiu agonge wake, ila asitumie kichwa.

Na funzo la hadithi, watoto wazuri, ni hili: mtu akikusomea daftari lake, mshukuru, usimwombe asogeze kidole. Wala usihangaike kusoma mpaka mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho una nyuki.