Sanduku la Kufuli Tatu

Hapo zamani, na si zamani ya majitu, ni juzi juzi tu, wanawake wa kijiji kimoja milimani Upare walichoka kuwazika wenzao waliofia njiani wakienda kujifungua. Wakaanzisha kikundi. Kila Jumatano waliweka akiba, wengine waliuza tangawizi, wengine ndizi, ili mjamzito akishikwa na uchungu apate gari la kumshusha hospitali. Waume walinuna, mwishowe wakazoea.

Sanduku lilikaa kwa Niendiwe. Lilikuwa na kufuli tatu: ufunguo mmoja wake, mmoja wa Namcharo, mmoja wa Nanzia.

Siku moja Kajiru, kaka yake Nanzia, mtu wa maneno matamu, akamwendea. "Dada, niazime ufunguo. Nikiuza mzigo wangu, Ijumaa narudisha pesa zote."

Nanzia aliona aibu kumkatalia. Akawaza: ufunguo mmoja haufungui kitu, wenzangu watamfukuza, ubaya uwe wao. Akampa.

Kajiru akaenda kwa Namcharo. Mume wa Namcharo alipofariki, Kajiru ndiye aliyechimba kaburi kwenye mvua. Namcharo akalia, akampa.

Akaenda kwa Niendiwe, funguo mbili mkononi. Niendiwe akaguna. "Kama wenzangu wamekubali, mimi ni nani?" Akafungua, Kajiru akazoa pesa.

Ijumaa ikapita. Kajiru akavuka mpaka, hajaonekana tena.

Jumatatu mchana uchungu ukamshika Nakunda, binti pekee wa Nanzia. Dereva akasema, "Mafuta kwanza, mama." Wanawake wa kikundi wakakimbilia sanduku. Tupu!

Wakambeba kwa machela. Akajifungua njiani, damu ikakataa kusimama, akakata roho kichwa kikiwa pajani mwa mama yake. Kichanga kikabaki kinalia.

Msibani wale watatu wakageukiana.

"Mimi niliwategemea nyinyi mkatae," alisema Nanzia.

"Yule ni kaka yako," alisema Namcharo. "Wewe ulishindwa, mimi niliyefadhiliwa naye ningewezaje?"

"Mlimleta kwangu na funguo zenu," alisema Niendiwe. "Ningewakatalia ninyi wawili?"

Nanzia alikipakata kichanga, akatamani ardhi ipasuke.

Kajiru mwacheni, huyo ni mwizi na tunamjua. Nawauliza kuhusu hao watatu. Mtoto yule akikua, akauliza ni nani aliyefungua mlango wa kifo cha mama yake, je, atajwe nani?