Mtama Uliokosa Jina

Sogeeni, na wewe unayetafuna muwa, tema kwanza. Nina watu watatu wa bonde moja kule Ugogo: Sechelela mwenye jicho, Ndahani mwenye udadisi, na Mbeleje mwenye mkono mwepesi. Jua lilikuwa limeunguza mtama wao miaka mitatu mfululizo.

Sechelela, mkulima, aliona bua moja limekunja majani huku mengine yakikauka. Mumewe akasema, "Wape mbuzi."

"Hili haliumwi, linajizuia," akajibu. Akalizungushia miiba, likampa mbegu kiganja kimoja.

Ndahani, mtafiti, alizichunguza mbegu zile kwa miezi kumi na minne. Akagundua kwamba mmea ukishikwa na kiu hutoa homoni, na ndani ya mmea huo mna protini inayopokea habari hiyo na kuwasha jeni za kufunga vitundu vya majani, maji yasitoroke.

"Ila mtama wako, mama, unajua kufunga tu. Mvua ikirudi unabaki kibete."

Akahangaika mpaka akapata mtama wa mlimani, wenye protini nyingine inayotii homoni ya kukua na kuwasha jeni za kurefuka.

Mbeleje, fundi wa bustani, ndiye aliyeioanisha mitama hiyo miwili. Ua la mtama ni dogo kuliko punje ya mchele, naye alipiga magoti na kibano, akiondoa chavua ya huu na kupaka ya ule. Alikosea mara mbili, misimu miwili ikapotea. Mara ya tatu ukaota mtama unaovumilia jua na kunyanyuka mvua ikirudi. Jamani, nionyesheni mkono ule niubusu.

Sasa, kwao mbegu mpya haipandwi kabla ya kupewa jina la mtu mmoja, na ukoo wake ndio hupata heshima ya kuigawa.

"Mpeni Ndahani," alisema Sechelela. "Mimi niliona tu, sikujua nimeona nini."

"Kujua kwangu hakukuota shambani," alisema Ndahani. "Mpeni Mbeleje."

"Bila bua la mama ningeoanisha nini?" alisema Mbeleje.

Wanazungushana hivyo, na mvua imeanza. Mvua zao ni fupi. Zikipita bila mbegu ardhini, ni mwaka mwingine wa njaa. Watu wamesimama na majembe, watoto wamelowa, hakuna anayechimba. Msiniambie wote watatu, jina ni moja. Je, ungekuwa wewe wa kulitamka, ungetamka la nani?