Kwa Nini Watu wa Ukemi Hufa Mara Mbili

Zamani, kabla ya kizazi cha Ndile, watu wa Ukemi, ile dunia ya mbali yenye miezi miwili, walikuwa na moyo mmoja mmoja kama sisi. Ila vifua vyao havikuwa vimefungwa. Katikati palikuwa na mshono uliofunguka kwa vidole kama ganda la kunde mbichi, na mama aliyejifungua wakati wa baridi alimtia mtoto humo, karibu na moyo, mpaka apate joto. Damu yao iliganda upesi. Aliyekutwa nje na upepo wa barafu hakurudi.

Oruma alikuwa na mimba changa siku mumewe, Sheyu, alipotoka kutafuta kore waliopotea, wale wanyama wa manyoya marefu waliowapa watu maziwa na mavazi. Upepo ulianza kabla hajarudi. Majirani walimshika Oruma mikono asitoke, akawaponyoka. Alimkuta mumewe kwenye uwanda wa barafu, ameegemea kore aliyekufa, miguu imekuwa migumu kama kuni.

"Rudi nyumbani, mke wangu," Sheyu alisema. "Una mtoto."

"Nitarudi na wewe."

"Na miguu sina?"

Oruma alimburuta mpaka nguvu zikamwishia. Sheyu alikuwa hasemi tena. Alipomgusa kifuani alisikia moyo ungali unapiga, kidogo kidogo, ndani ya mwili uliokwisha kupoa. Hakufikiri sana. Aliufungua mshono wa mumewe, akautoa moyo, akautia kifuani mwake, upande wa kushoto wa moyo wake mwenyewe, akajifunga shuka kwa nguvu. Alikusudia kuurudisha watu watakapouleta mwili kwenye chemchemi za maji moto. Mioyo miwili ikaisukuma damu yake, baridi isimweze, akafika nyumbani.

Mwili uliletwa, ukalazwa majini. Ulilainika, lakini haukuamka. Oruma aliukanda, akamwita Sheyu kwa majina yote aliyomwitia nyumbani, mpaka mama mkwe wake, Bi Mawele, akamshika bega.

"Basi, mwanangu. Nipe moyo wake, nimzike amekamilika."

"Chukua, Mama," Oruma alisema, akafungua kifua.

Bi Mawele aliingiza mkono, akaugusa moyo wa mwanawe. Akakaa hivyo kwa muda. Kisha akautoa mkono mtupu.

"Unapiga," alisema. "Nitauzikaje?"

Akaufunga mshono wa mkwewe kwa vidole vyake mwenyewe, na haukufunguka tena.

Ndile alizaliwa na mioyo miwili na kifua kilichofungwa, na wanawe wakawa hivyo hivyo. Watu walimwona Oruma mwenye bahati, maana hakuna upepo uliomtisha. Hakuwaambia yaliyokuwa ndani. Moyo wake ulipotulia apate usingizi, ule wa kushoto ulienda mbio, kama mtu aliye bado nje, anayetafuta njia. Alizoea kulala ameketi, kiganja kifuani, akiubembeleza. Haukuwahi kubembelezeka.

Alizeeka, na asubuhi moja moyo wake ukasimama. Walimwosha, wakamvika, wakambeba kwenda kwenye kaburi la mawe. Ndile aliinama kuifunga sanda vizuri, akasikia kishindo chini ya mkono wake.

"Mwekeni chini," alisema.

"Ndile, mama yako amekufa," mjomba wake alimwambia kwa upole.

"Mama amekufa. Baba bado."

Wakamweka chini. Ndile alilala pale juu ya mawe kando ya mama yake, akaweka mdomo karibu na kifua. Hakuwa amewahi kusema neno na baba yake, na hakujua aanzie wapi.

"Baba, mimi ni Ndile," alisema. "Ndimi yule mtoto. Mama alifika salama siku ile. Kore wawili walirudi wenyewe, wakazaa. Bibi alizikwa karibu na wewe, alitaka mwenyewe. Mama ametangulia leo asubuhi, hakuumwa. Upepo umetulia, Baba. Huku nyumbani kuna moto."

Moyo ulianza kupiga polepole. Ndile alikuwa katikati ya kumtajia majina ya wajukuu wake, alipoona kifua kimenyamaza. Aliyataja yaliyobaki, kisha akainuka, na hapo ndipo watu walipolia.

Wenye moyo mmoja waliendelea kuchukuliwa na upepo mpaka wakaisha; uzao wa Ndile ndio uliobaki. Na tangu siku hiyo mtu wa Ukemi hufa mara mbili. Moyo wa kulia husimama kwanza, wa kushoto hubaki peke yake kwa muda, na hakuna anayeruhusiwa kulia. Aliye karibu naye kuliko wote hulala kando yake, akampa habari za nyumbani. Wapo wanaojaliwa kuzimaliza. Wengine moyo hunyamaza habari zikiwa nusu, na msemaji huendelea kusema mpaka mwisho.