Mguu wa Nampombe na Shimo la Udongo

Haya, sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Hadithi hii si ya kubembelezea watoto. Niliwahi kuisimulia kwenye arusi moja, na ndugu wa bwana arusi wakaacha wali wakaanza kufokeana. Mimi yangu ni kusema tu. Kugombana ni shauri lenu.

Walikuwapo wanawake watatu walioolewa na ndugu watatu, mama mkwe mmoja, ua mmoja, huko mlimani Kilongwe. Walikuwa wafinyanzi, na hawakupendana hata kidogo. Mkubwa, Nakijwa, alijaliwa vidole. Mpe chungu chenye ufa usioonekana kwa macho, atakipapasa mara moja akuambie ufa unaanzia wapi na unaishia wapi. Wa kati, Namcheja, binti wa wafugaji, alijaliwa ubishi. Akishasema hapana ni hapana, hata mumewe alikuwa amechoka kujaribu. Mdogo, Eliwaza, alijaliwa jicho la kuona yale ambayo wenzake wameshayazoea.

Huyu Eliwaza ndiye nitakayemfuata, maana ndiye aliyebanwa kuliko wote. Mumewe alikuwa amekufa, na mtoto hakumwachia.

Mama mkwe wao, Nampombe, ndiye aliyekuwa mwenye shimo la udongo. Vyungu vyote vya Kilongwe vilitoka kwenye udongo wa shimo lile. Shimo lina mwenyewe mmoja, mwanamke, wala hawawi wawili. Kila mwaka masika yakiisha, mwenyewe hushuka kwa miguu yake, asibebwe wala asishikwe mkono, akachimba bonge la kwanza mbele ya watu. Asiposhuka, shimo linahamia nyumba ya ng'ambo ya bonde, na wale wa ng'ambo walikuwa wanaomba kila siku ajikwae. Nampombe alishazeeka na mrithi hajamtaja. Eliwaza alijua hesabu yake: akitajwa yeye, atabaki Kilongwe karibu na kaburi la mumewe. Asipotajwa, atafungasha arudi kwa kaka yake, ambako hata sahani yake ilishagawiwa mtu mwingine.

Basi mvua ya kwanza ya masika ikanyesha, na Nampombe akateleza kwenye ngazi za shimo. Muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Watu wakamleta nyumbani kwenye kitanda cha kamba, naye akawatazama wale wanawake watatu waliosimama mlangoni.

"Mnafurahi," akasema. "Msijifanye. Lakini sikilizeni, na wanangu wawe mashahidi: shimo ni la yule atakayenirudishia mguu huu."

Nakijwa ndiye aliyetangulia. Mguu ulikuwa umevimba, umepinda kwa nje, na kila aliyeutazama aligeuza uso. Yeye akapiga magoti akapitisha vidole juu ya uvimbe polepole, akajua kwamba vipande viwili vya mfupa vimepishana. Nampombe akamwambia, "Kama unataka kuniua, niue haraka." Nakijwa akajibu, "Ningetaka kukuua, mama, ningekuacha ulivyo." Akamwambia mumewe avute kisigino, avute tu, asiulize. Nampombe akapiga ukelele mmoja akazirai. Nakijwa akasukuma kwa vidole gumba mpaka ncha zikakutana, akazungushia mabanzi ya mwanzi na kufunga kwa vipande vya kanga. Alipozinduka, mguu ulikuwa umenyooka. Wiki nzima baada ya hapo Nakijwa alipita nyumba kwa nyumba akisema kazi imekwisha na shimo limepata mwenyewe.

Kazi haikuwa imekwisha, na hapo ndipo aliposimama Namcheja. Wiki ya tano Nampombe alifunua mabanzi akaona nundu limeota palipovunjika. Sasa nyie mnawajua wafinyanzi. Chungu kikitokeza nundu, hulisawazisha kingali kibichi, maana kikishakauka ndio basi. "Hili lisuguliwe likiwa bado laini," akaamuru, na Nakijwa akaja mbio na bakuli la samli ya moto amchue. Hakuna hata mfinyanzi mmoja mlimani pale aliyeona kosa. Namcheja akaburuta kinu akakikalia katikati ya mlango.

"Hapiti mtu," akasema. "Ule si udongo. Mbuzi wa baba yangu wamevunjika miguu mbele yangu tangu sijaota meno ya ukubwani. Kwanza damu inaganda pale, halafu panaota kitu laini kama gegedu la sikio, halafu ndiyo kinakomaa kuwa mfupa. Hilo nundu ndilo linaloushika mguu wako. Mkilichua sasa, mnauvunja upya."

"Mchunga mbuzi wewe," Nampombe akamtukana. "Unanifananisha na mnyama?"

"Mbuzi walikuwa wananishukuru," Namcheja akajibu, wala hakuondoka mlangoni.

Akamlinda hivyo wiki baada ya wiki. Alimlisha maziwa, dagaa na mchicha, akamtoa juani kila asubuhi, akamrudishia kila tusi alilotukanwa. Usidhani ni mapenzi. Ufunguo wa ghala ulihamia kiunoni mwake siku zile zile, na alipogawa mahindi, Nakijwa na Eliwaza walisimama wakingoja kama wageni.

Mwezi wa tatu tangu avunjike, nundu lilikuwa gumu. Nampombe hakutaka kuinuka kitandani. Chungu kikikaa sana kivulini ndivyo kinavyokuwa salama, ndivyo alivyosema, na mara hii Namcheja naye akasema aachwe. Mvua ilikuwa inaelekea kukatika. Eliwaza alichungulia akaona nyama ya mguu imesinyaa, akaogopa, maana aliwahi kuuona mguu wa namna ile.

Mumewe alilala kitandani miaka miwili. Siku moja Eliwaza alikuwa anamgeuza ili amwogeshe, mume hakuanguka, hakupigwa na kitu, na mfupa wa paja ukavunjika mikononi mwake. Hakumwambia mtu yeyote namna ulivyovunjika. Lakini tangu siku ile aliwatazama wanawake wabeba udongo, miundi yao minene, akawalinganisha na watu wa kitandani, akaelewa kwamba mfupa usiobeba kitu unajila wenyewe.

Asubuhi moja Namcheja akiwa mtoni, Eliwaza akaingia akafungua mabanzi. Akaweka mkongojo kando ya kitanda, na sahani ya chakula akaiweka mlangoni, hatua nane.

"Ukitaka kula, ifuate."

"Tasa mkubwa," Nampombe akasema. "Mwanangu ulimuua, sasa umenigeukia mimi."

 Eliwaza angeweza kuisogeza sahani karibu. Aliiokota, akaisogeza mbali zaidi, uani. Aliona raha kumwona mzee yule akitetemeka, amening'inia kwenye mkongojo, analia kwa hasira. Kesho yake akaiweka mbali zaidi, na Namcheja alipokuja na ubishi wake, alimkuta Nampombe keshasimama. Kila siku hivyo. Baadaye Eliwaza akamtwisha maji kichwani, kibuyu kwanza, halafu mtungi. Mguu ukaanza kujaa, na lile nundu lenyewe likaanza kupungua bila kuguswa na mtu.

Siku ya shimo ikafika. Watu wa ng'ambo walikuja na majembe yao kabisa, wamejiandaa. Nampombe akautupa mkongojo, akashuka ngazi moja moja, akachimba bonge la kwanza, akapanda nalo mpaka juu. Watu wa ng'ambo wakaondoka bila kuaga.

Wale watatu wakasimama mbele yake.

"Bila mimi ungepona umepinda," Nakijwa akasema, "na mguu uliopinda usingeshuka ngazi hizi."

"Bila mimi mfupa usingeunga," akasema Namcheja. "Huyu vidole alikuja na samli auvunje tena."

 Mzigo wa Eliwaza ulikuwa umefungwa nyumbani tangu jana yake.

"Na wewe?" Nampombe akamuuliza.

"Bila mimi ungekuwa umelala."

"Ulinisimamisha kwa kunipenda au kwa kunichukia?"

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Eliwaza alijua kwamba neno moja tamu lingempa shimo, na mzee alikuwa karibu kumwomba alitamke.

"Kwa kukuchukia, mama," akasema. "Nilijua utapona, na nilifurahi kwamba inauma."

Nakijwa akacheka. Namcheja akasema, "Si mmesikia?" Nampombe akautazama mguu wake, akaukanyagia uzito wote, kisha akanyoosha mkono wenye lile bonge la udongo.

Mimi nimefika mwisho. Yupo aliyenyoosha mfupa, yupo aliyeulinda ukaunga, yupo aliyeutia nguvu kwa roho mbaya na akasema kweli ilhali angeweza kunyamaza. Bonge ni moja. Msinitazame mimi. Je, wewe ungelitia mikononi mwa nani, na hao wawili ungewaambia nini usoni?