Nusu Kichwa cha Sultani

Hapo zamani, sheria zilipokuwa zikitungwa kwa hasira za tumbo, mji wa Shungi ulikuwa na Sultani aitwaye Masoud bin Fumo, mtu mwema sana akishashiba. Ijumaa moja adhuhuri alitamani halua. Akamtuma tarishi, naye akarudi mikono mitupu, kwani maduka yote yalikuwa yamefungwa na watu wako msikitini. Basi Sultani akaghadhibika, akatoa amri: "Mwenye duka asitoke dukani mwake, wala asifunge mlango, tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Atakaye kuabudu, aabudu humo humo. Atakayevunja amri hii, duka lake nalitwaa!"

Wa kwanza kunaswa alikuwa Jivraj, sonara wa Kibaniani, aliyefunga saa moja tu akaenda hekaluni. Duka likatiwa kufuli na ufunguo Sultani akauning'iniza kiunoni mwake. Maskini Jivraj akabaki kibarazani analia, maana hakujua kazi nyingine duniani. Jirani yake, Shaali, alikuwa kinyozi fukara ambaye mji mzima ulimwita punguani. Akamwambia, "Nyamaza, ndugu yangu. Kichwa cha Sultani kitaota nywele tu."

Punguani kweli, watu wakasema.

Ikawa Ijumaa nyingine Sultani anangoja wageni wakubwa, akamwita Shaali aende kumnyoa. Shaali akajibu, "Mwambieni Seyyid ningekwenda mbio, lakini mwenye duka asitoke." Haya! Amri ni yake mwenyewe, afanyeje? Sultani akaenda kwa miguu hadi kibandani, akaketi juu ya kigoda, akatiwa maji kichwani. Shaali akanyoa upande wa kulia ukang'aa kama sufuria mpya, mara adhana ikalia. Akaweka wembe chini, akatandika msala.

"We Shaali! Wafanya nini?"

"Naabudu humo humo, Seyyid."

Akasali sunna, akaongeza nyingine, kisha akashika tasbihi na kuvuta uradi polepole, utadhani siku ile haina jioni. Watu wa sokoni wakaanza kuchungulia. Bibi mmoja muuza bizari akauliza kwa sauti, "Jamani, huyu nusu yake mbona kama Sultani?"

"Funga mlango!" Sultani akanguruma.

"Usifungwe, Seyyid. Hata jua kuchwa."

"Basi niletewe kinyozi mwingine!"

Tarishi akatoka mbio, akarudi anahema. "Wote wamo madukani mwao wanaabudu, Seyyid, na hapana athubutuye kutoka."

Mara baragumu za wageni zikasikika langoni mwa mji. Sultani akajishika kichwa, mkono mmoja kwenye upara, mmoja kwenye nywele, na jasho likimtoka. "Wataka nini, ewe punguani?"

"Mimi? Sitaki kitu. Jivraj ndiye atakaye ufunguo wake."

Sultani akaufungua ufunguo kiunoni akamtupia Jivraj pale kibarazani, naye Jivraj akaubusu mara saba. Kisha akaitwa karani, akaandika mbele ya watu wote: "Tangu saa hii, kila mwenye duka, wa dini yo yote, ukifika wakati wa ibada yake na afunge mlango, aende akaabudu apendako, wala asizuiwe na mtu, hata mimi." Muhuri ukapigwa, na vigelegele vikapasua soko.

"Haya sasa," akasema Sultani, "nyoa!"

Shaali akakunja msala wake. "Samahani, Seyyid wangu. Hotuba imeanza." Akamshika Sultani mkono, akamtoa nje kwa adabu zote, akafunga mlango, akaenda zake msikitini.

Sultani akatazama wino wa amri yake ungali mbichi, akataka kukasirika, ikashindikana. Akaangua kicheko hata akakaa chini, na wageni wakamkuta hapo hapo, nusu upara nusu nywele, anafuta machozi. Wakatazamana. Wakadhani ndiyo heshima ya mji ule, nao kwa kuogopa kukosa adabu wakaomba wanyolewe vivyo hivyo. Ikabidi wangoje kibarazani pamoja na Sultani, maana mji mzima ulikuwa umefungwa.